Kava la grinda liko wapi?

Mwaka 2011, mwaka ule wa mgao mkali wa umeme, nilikuwa saidia fundi kwenye karakana ya vyuma Gerezani, Dar es Salaam. Tulikuwa tunatengeneza grili za madirisha, kazi ya skwea paipu na flati bari, na malipo yalihesabiwa kwa kila grili iliyokamilika. Umeme ukikatika tulikaa. Ukirudi, hata saa sita usiku, tuliamka tukachapa kazi, kwa sababu hakuna aliyejua ungekaa saa ngapi.

Siku ninayoikumbuka ulikatika saa nane mchana, fundi akiwa katikati ya kukata. Grinda, ile mashine ya mkono inayokata chuma kwa jiwe la duara linalozunguka, ikanyamaza mkononi mwake. Akailaza juu ya rundo la mabomba akaenda kunywa kahawa. Mimi nikabaki kuokota vipande. Swichi hakuna aliyeikumbuka. Grinda nyingi ndogo zina swichi ya kusukuma ambayo ukiibonyeza kwa mbele inajifunga, ili kidole kisichoke. Umeme ukikatika, swichi inabaki pale pale. Mashine iko kimya, lakini imewashwa.

Kwenye saa kumi mtaa mzima ukapiga kelele, "Umerudiii!" Kelele hazijaisha, nikasikia ule mlio nyuma yangu. Grinda iliruka kutoka kwenye rundo, ikagonga bomba, ikageuka, ikaanguka chini ikijiburuta kwa jiwe lake huku inazunguka kama kuku aliyechinjwa. Ikanichana shavu la mguu wa kulia, ikaendelea mpaka ilipoukata waya wake yenyewe, ikazima. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kuyaandika.

Nilishonwa nyuzi tisa. Bosi alipofika jioni aliuliza kwanza kama mota imeungua. Hilo liliniuma, na nikiri kwamba linaniuma mpaka leo, lakini lililonikaa zaidi ni alichofanya fundi wangu. Mzee yule aliipindua mashine mara mbili tatu mkononi, akainama chini ya benchi, akatoa kopo la rangi. Ndani ya kopo mlikuwa na kava la ile grinda, yaani kikinga kinachofunika jiwe, na mpini wake wa pembeni. Vyote vipya, rangi yake haijachubuka. Tangu mashine inunuliwe havikuwahi kufungwa.

Tangu siku ile, nikiingia karakana yoyote, macho yangu yanatafuta kava kabla sijajibu salamu. Nimelitafuta Gerezani, Keko, Tandika na Buguruni. Nimelitafuta Kamukunji, Nairobi, nilipokwenda kuangalia wenzetu wa jua kali wanavyofua mabati. Mara nyingi sana halipo.

Wanaoandika maonyo ya usalama huwa wanadhani fundi anatoa kava kwa ubishi au kwa kutojua. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nasema hapana. Fundi anajua kabisa jiwe linakata nyama. Kava linatolewa kwa sababu zinazoeleweka, na usipozijua sababu hizo maneno yako hayatamwingia. Kava linaziba mstari wa kukatia, na mteja anataka kona iliyonyooka. Kava la mashine ya bei rahisi linashikwa na skrubu moja ambayo ikilegea linacheza na kugusa jiwe, na bisibisi imeazimwa. Kava haliingii kwenye pembe ya geti. Na sababu kubwa kuliko zote: kava linakataa jiwe kubwa.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia vibaya.

Grinda ndogo, ile ya inchi nne na nusu au milimita 115, huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika ikiwa haijagusa kitu. Ukipiga hesabu ya mzingo wa jiwe, ukingo wake unakwenda karibu kilometa 240 kwa saa. Grinda kubwa ya inchi tisa, milimita 230, inazunguka polepole zaidi, kama mara 6,500, lakini kwa kuwa jiwe lake ni pana, ukingo unafika kilometa 280 kwa saa. Mawe ya kawaida ya kukatia yametengenezwa yasipite mita 80 kwa sekunde, sawa na kilometa 288 kwa saa. Ndiyo maana kwenye karatasi ya jiwe la inchi nne na nusu utaona 13,300, na kwenye la inchi tisa utaona 6,650. Ile namba si mapambo. Ni mwisho wa mwendo wa jiwe hilo.

Sasa tazama mtego ulivyo. Tundu la katikati la jiwe dogo na la jiwe kubwa ni moja, milimita 22.23. Jiwe la inchi saba linaingia kwenye grinda ndogo bila kulazimisha. Kinacholizuia ni kava peke yake. Ukilitoa kava, jiwe linakaa, nati inakaza, mashine inawaka, na unaona umepata jiwe linalokata bomba nene kwa bei ya mashine ndogo. Kumbe ukingo wa jiwe hilo sasa unakwenda zaidi ya kilometa 370 kwa saa. Na nguvu inayotaka kulichana jiwe vipande haipandi sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka mara moja na nusu, nguvu hiyo inaongezeka mara mbili na robo. Jiwe halitakuonya, halitatoa moshi kwanza wala kutetemeka. Linapasuka tu.

Nimeona kipande cha jiwe kimetoboa bati la paa na kubaki kimening'inia pale, nusu ndani nusu nje. Aliyekuwa ameshika mashine alikuwa ameinama upande, anaangalia kipimo chake. Angekuwa amesimama kama alivyosimama dakika moja kabla, kipande kile kingepita usoni.

Kwa hiyo kava lina kazi mbili. Linakinga mwili jiwe likipasuka, na linakataa jiwe lisilo lake. Kazi ya pili watu wengi hawaijui, na mimi naona ndiyo kubwa.

Kuna mambo mengine ya jiwe ambayo mafundi tunayapita haraka. Tazama ile pete ya chuma katikati ya jiwe la kukatia. Kuna mwezi na mwaka vimegongwa pale. Ni tarehe ya mwisho ya kulitumia, miaka mitatu tangu litengenezwe. Mawe haya ni chembe ngumu zilizoshikwa na gundi na wavu wa nyuzi, na gundi huchoka, hasa ikila unyevunyevu. Sisi tunaoishi pwani, ambako hata chumvi mezani inalowa, tuna sababu ya kusoma tarehe hiyo kuliko watu wa bara. Mawe yaliyopangwa juani siku nzima kwenye meza ya barabarani, usiku yakafungwa kwenye turubai lenye umande, mimi siyanunui hata yakishuka bei.

Jiwe jembamba, la milimita moja hadi tatu, ni la kukatia kwa ukingo tu. Ukililaza ubavu usawazishe weldi, unalipinda wakati linazunguka. Weldi ina jiwe lake nene la milimita sita. Najua unakuwa na haraka, jiwe la kukatia limeshafungwa, na weldi yenyewe ni kidonda kidogo tu. Hapo ndipo.

Jiwe la grinda ya mezani, lile tunalonolea patasi na keekee, ni jamaa tofauti. Hilo ni gumu kama kigae, na linapimwa kama mama anavyopima chungu sokoni: unalining'iniza kidoleni, unaligonga kwa mpini wa bisibisi, unasikiliza. Likilia kwa mlio safi ni zima. Likitoa sauti iliyokufa lina ufa usioonekana, usilifunge. Na jiwe lolote jipya, dogo au kubwa, liwashe kwanza likiwa halijagusa kitu, limeelekezwa pasipo na mtu, lizunguke dakika nzima. Jiwe lenye kasoro mara nyingi huonyesha tabia yake hapo hapo mwanzoni.

Halafu kuna kurusha. Kila aliyeshika grinda anamjua huyu. Unakata bomba lililolala kwenye magoti mawili ya mbao, bomba linakatika nusu, linainama katikati, midomo ya mkato inafunga na kulibana jiwe. Jiwe linasimama, lakini mota inataka kuzunguka, basi mashine nzima inakurukia. Kwa nini bomba liliinama? Kwa sababu ulikata katikati ya magoti badala ya nje yake. Kipande kinachokatika kinatakiwa kiwe kinaning'inia, ili mkato ufunguke wenyewe kwa uzito kadiri unavyoingia. Jambo hili dogo, la kujua uzito utaangukia wapi, limeniokoa mara nyingi kuliko glavu. La pili ni mpini wa pembeni, uliobaki kwenye kopo na kava. Mikono miwili inaizuia mashine. Mmoja hauwezi, hata ukiwa na nguvu za mbeba mizigo wa Kariakoo. La tatu, usisimame kwenye mstari wa jiwe. Simama pembeni kidogo, ili njia ya jiwe na njia ya mwili wako zisikutane.

Macho nayaweka peke yake, kwa sababu kwetu yamefanyiwa mzaha muda mrefu. Kila karakana ina mtu wa kutoa chuma jichoni. Anakukalisha kwenye mwanga, anapindua kope kwa njiti ya kiberiti, anafuta kwa ncha ya leso. Nilitolewa hivyo mara mbili nikashukuru. Mara ya tatu jicho liliendelea kukwaruza siku mbili, nikaenda kliniki ya macho. Daktari aliniambia chembe ya chuma ikikaa kwenye kioo cha jicho hushika kutu ndani ya saa chache, na kutu inaacha duara lake hata chembe yenyewe ikitoka. Alilichimba duara hilo kwa sindano, mimi nimefumbua jicho namtazama. Tangu hapo miwani yangu ni ile inayoziba mpaka pembeni, maana cheche hazina adabu ya kuja kwa mbele tu. Miwani ya jua ya mtaani haitoshi. Ukisikia jicho linakwaruza usilifikiche. Lioshe kwa maji safi mengi, na likiendelea nenda kliniki siku hiyo hiyo.

Twende kwenye umeme wenyewe.

Kule Marekani, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyeitwa Charles Dalziel, aliwaomba watu wa kujitolea washike waya huku akiongeza mkondo kidogo kidogo, apime ni wapi mkono unashindwa kuachia. Kwa wanaume wastani ulikuwa kama miliampia 16, kwa wanawake kama 10 na nusu. Kiasi hicho ni kidogo mno. Taa ndogo tu inatumia zaidi. Soketi zetu zina volti 230, na mtu aliyelowa jasho, amevaa ndala zilizoloa, anaweza kupitisha miliampia 200 na zaidi, wakati moyo unaweza kuvurugika chini ya hapo. Dalziel huyo huyo ndiye aliyebuni kule Marekani, mwaka 1961, kifaa kinachohisi umeme unaovuja kwenda ardhini na kuukata kabla moyo haujavurugika. Mafundi umeme wetu wanakiita RCD. Ile ya kulinda watu imeandikwa 30 mA, yaani miliampia 30. Ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze mara moja kwa mwezi, swichi yake isipodondoka na kukata umeme, haikulindi.

Watu wanachanganya RCD na sakiti breka ya kawaida. Sakiti breka inalinda waya usiungue. Inasubiri ampia nyingi, wakati wewe unaweza kufa kwa sehemu ndogo sana ya ampia moja, nayo isihisi kitu. Nyumba nyingi zina breka safi zimepangwa kwenye boksi, na RCD haimo. Kama unajenga, au unapangisha fremu ya karakana, hiki ndicho kitu cha kwanza cha kumuuliza fundi umeme.

Kwenye kibao cha mashine tafuta alama ya mraba ndani ya mraba. Maana yake mashine imekingwa mara mbili na haihitaji waya wa arthi. Ndiyo maana waya wake una nyuzi mbili tu. Mashine isiyo na alama hiyo inahitaji arthi, na arthi lazima ifike kweli ardhini, isiishie kwenye plagi. Nimefungua ekstensheni za karakana zaidi ya moja nikakuta waya wa kijani na njano umekatwa na kukunjwa kwa ndani, kwa sababu aliyeunga alitumia waya wa nyuzi mbili uliokuwepo.

Na ule mtindo wa kuchomeka nyaya tupu kwenye soketi, na kijiti cha kiberiti kusukuma kile kitundu cha juu kifunguke, jamani. Kile kitundu kimewekwa hivyo makusudi. Pini ndefu ya arthi inaingia kwanza ndipo milango ya zile mbili ifunguke. Fyuzi nayo iko ndani ya plagi. Ukiikata plagi umeondoa arthi na fyuzi kwa mkupuo mmoja, na umeondoa pia uwezo wa kuchomoa haraka mwenzako akinaswa. Akinaswa usimshike. Zima swichi ya ukutani, au ya mein kama iko karibu. Ukikosa kabisa, msukume kwa ubao mkavu, wewe ukiwa umesimama mahali pakavu.

Ekstensheni ya kwenye gurudumu ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita tatu tu. Waya uliojikunja wenyewe kwa wenyewe hauna pa kutolea joto, na grinda kubwa inavuta ampia nyingi. Nimeona gurudumu la waya likigeuka donge moja la plastiki mchana kweupe, mvua hainyeshi, hakuna aliyekosea isipokuwa hapo.

Mashine za mtumba kutoka Uingereza nazo zina lao. Zile za njano zenye plagi ya duara ni za volti 110. Wenzetu kwenye maeneo ya ujenzi wanatumia transfoma inayogawa umeme katikati, ili kutoka waya wowote mpaka ardhini zisizidi volti 55, kiasi ambacho ni vigumu kuua mtu. Ni wazo zuri sana. Kwetu mashine inafika, transfoma haifiki, na mtu anaiunga kwenye 230. Mota inalia kwa hasira na kufa. Kama unanunua mtumba, soma kibao kwanza, ndipo ujadili bei.

Kwa mafundi mbao wa Keko nina neno moja zito. Acheni kufunga msumeno wenye meno kwenye grinda. Najua unapasua haraka, najua unachonga kiti kwa saa mbili badala ya siku nzima. Lakini jiwe linasaga, na meno yanauma. Jino likikuta fundo kwenye mninga halitasimama, litaipandisha mashine juu ya mkono ulioshika ubao, na swichi ya grinda imejifunga, haizimi ukiiachia. Msumeno wa duara wa umeme ulitengenezewa mbao: una kava la chini linalojifunga lenyewe ukiunyanyua, na ukiachia kidole unazima. Nimewahi kukaa na kijana aliyepoteza vidole viwili hivyo. Aliniambia hakuhisi maumivu. Alisikia mashine imebadilisha sauti tu.

Glavu za uzi ni hatari kwenye drili na mashine yoyote ya kupasulia. Uzi mmoja ukishikwa, mkono unafuata. Hivyo hivyo leso shingoni, mikono mipana ya shati, na nywele zisizofungwa. Na unapotoboa kipande kidogo cha chuma, kibane kwenye jiliwa. Biti inapokaribia kutokea upande wa pili ndipo inapong'ata, na kipande ulichokishika kwa mkono kinageuka panga linalozunguka.

Mapipa. Usikate pipa lililowahi kuwa na mafuta, thina au gundi, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Tupu maana yake halina kimiminika, mvuke umo. Cheche moja inatosha. Kama hujui lilikuwa na nini, hesabu kwamba lilikuwa na petroli.

Kuna madhara yanayokuja polepole, na kwa hayo hakuna damu ya kukushtua. Vumbi la mbao liliwekwa mwaka 1995 na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, na silika, ile iliyomo kwenye vumbi laini la zege na vigae, ikafuata mwaka 1997. Kata vigae kwa maji ukiweza, na vaa barakoa inayokaa vizuri usoni. Kelele nazo: desibeli 85 masikio yanazivumilia saa nane, lakini grinda inafika 100, na kwa kiwango hicho muda salama ni robo saa kwa siku. Robo saa! Mzee aliyenifundisha kazi, yule wa kopo la rangi, sasa ukitaka kumwamkia lazima usimame mbele yake ayaone midomo yako. Nikimwambia "Shikamoo, Mzee" kutoka nyuma, haitikii. Vizibo vya masikio havikuwa ghali hata wakati ule. Hakuna aliyemletea, na mimi mwenyewe sikuwaza kumletea.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri azikinge sehemu hatari za mashine, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndiyo inayokagua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya mtu aliyeumia kazini. Lakini deiwaka wa Gerezani anayelipwa jioni kwa mkono hana barua wala mkataba, na akiumia inachangwa nauli ya bodaboda. Ninaona malipo ya kwa kipande ndiyo yanayotoa makava mengi kuliko kitu kingine chochote. Ukimlipa kijana kwa grili, umemlipa aharakishe. Tangu nilipoanza karakana yangu mwenyewe ninalipa kwa siku. Kazi inatoka pungufu kidogo, na wateja wawili walinihama. Sijajuta.

Kanuni za pale kwangu ni chache. Anayebadilisha jiwe anachomoa plagi na kuiweka mfukoni mwake au mbele ya macho yake, haiachi kwenye soketi ikiwa imezimwa tu. Umeme ukikatika, kila mtu anachomoa mashine aliyoishika kabla hajasogeza mguu. Wapya wanafundishwa hilo siku ya kwanza, kabla ya kufundishwa kushika tepu. Nikiwaonyesha mguu wangu hawaulizi kwa nini.

Na ninaokota makava. Kwa wauza skrepa utayakuta mengi, kwa kuwa mota ikiungua mashine inatupwa na kava lake huwa zima kabisa. Nina kopo limejaa, ya inchi nne na nusu, ya tano, ya tisa, na skrubu zake kwenye chupa.

Kwenye mvua hizi za masika dogo mmoja ninayemfundisha alikuwa anamalizia geti. Kulikuwa na kona ya ndani, flati bari mbili zimekutana, kava likawa linagota. Akaja na spana mkononi.

"Fundi, nitoe kava dakika moja tu?"

Nikamwambia lete hiyo grinda. Nikaichomoa, nikaiweka juu ya benchi, nikampa msumeno wa chuma wa mkono wenye kisu kipya. Akanitazama. Akaenda. Alikata dakika kama kumi na mbili, jasho linamdondoka kwenye chuma, akisimama na kupuliza vumbi aone mstari. Kipande kilipoanguka alikiokota, akapima kona kwa skwea, ikakaa.

Jioni, wakati tunafunga, alisimama kwenye lile kopo akawa anageuza makava moja moja. Akaniuliza kama anaweza kuchukua la inchi tano, kaka yake wa Buguruni ana grinda ya saizi hiyo na hana. Nikamwambia achukue. Nikamtafutia na skrubu yake.